Daktari Aliyeonea Haya Vidole Vyake

Ukikutana na Daktari njiani, salamu yake ilianzia mdomoni mwako. Watu wengine huuliza habari za nyumbani. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, kama anayechungulia dirisha la jirani, akangoja ucheke. Ukicheka tu, keshajua. "Lile gego la kushoto bado unalo," angesema, kisha ndipo aulize kama watoto hawajambo. Huku kwetu Kisauni watu walijifunza kumwamkia midomo imefumbwa, shikamoo ikatokea puani, naye akaitikia marahaba kwa kinyongo, kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa.

Nimemjua zaidi ya miaka ishirini, nami si mtu wa kukaa mahali. Nimevunja mawe kwenye machimbo ya Bamburi, nimelinda maghala Port Reitz, nimekaa Malindi, Tanga, na miji mingine ambayo sikuiaga vizuri. Kila nikirudi nakuta kitu kimeondolewa: mkwaju umekatwa, uwanja wa mpira umegeuka nyumba za kupanga, aliyekuwa akiuza mbaazi kwa mahamri sasa auza vifuniko vya simu. Kliniki ya Daktari ilikuwa palepale, orofani juu ya duka la vitambaa, ngazi zilezile za saruji, na harufu ya mafuta ya karafuu ikikupokea kabla hujafika juu. Nilimhesabu katika vitu visivyobadilika. Hilo lilikuwa kosa langu, na pengine ndiyo sababu namwandika kwa ukali.

Maana mikono alikuwa nayo. Lazima niseme hivyo mwanzo, nisije nikaonekana mwongo.

Nilipovunjika jino la mbele, nikiwa kijana niliyejiona mzuri, nilikwenda kwake. Alikanda unga wa waridi wa kuchukulia umbo la meno katika bakuli la mpira, akaupakia kwenye trei ya chuma, akanisukumia kinywani mpaka macho yakanitoka machozi. "Pumua kwa pua," akasema. "Wataje jamaa zako kimoyomoyo, mmoja mmoja. Ukifika kwa usiyempenda, nakutoa." Nilifika upesi. Kisha akanipeleka dirishani, akanishikia mdomoni vijino vya mfano, vyenye rangi mbalimbali, akaviangalia kwa mwanga wa jua. Chini ya taa hakuchagua rangi abadan. "Taa ni shahidi wa uongo," alisema, na kwa kuwa siku ile palikuwa na mawingu, akanifukuza nirudi kesho. Nilitaka jino jeupe. Alinitilia lenye umanjano kidogo, kama wenzake. "Jeupe kati ya haya yako," akaniambia, "ni mgeni aliyeingia bila hodi."

Kwa wazee wasio na meno hata moja, kazi yake ilikuwa ya polepole zaidi. Kabla hajayakamilisha meno ya bandia, aliyapanga kwanza juu ya nta, akamvika mtu hayo meno ya nta, halafu akamwambia azungumze. Yeye mwenyewe aligeuka, akatazama ukuta. Alisema macho huyadanganya masikio. "Sema sitini na sita," alisema kwa ukuta. "Sema dhahabu. Sema theluthi. Tena. Tena, usinionee huruma." Akisikia neno linapiga mluzi au linateleza, aligeuka, akapasha kisu moto, akalirudisha jino nyuma kwa upana wa uzi, kisha akarudi ukutani. Mzee mmoja wa bara, mstaafu wa bandarini aliyekaa Changamwe, aliwahi kulalamika: "Daktari, mimi hiyo dhahabu yako nimeiita zahabu tangu nizaliwe." Daktari hakugeuka. "Basi nambie hiyo zahabu, lakini itoke kama ulivyozaliwa nayo."

Shangazi yangu, aliyenilea, alitengenezewa meno kwa njia hiyo. Shangazi anasomesha wanawake Kurani nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya kliniki, na wote humwita Bi Mwalimu. Kazi yake yote iko mdomoni: kumkalisha mtu mzima mkekani na kumfunza kila herufi inatoka wapi, ipi ncha ya ulimi, ipi kooni, ipi kati ya meno. Meno yale ya kwanza alikaa nayo miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyejua kama si yake.

Basi huyo ndiye Daktari niliyemwacha nilipokwenda Tanga. Niliporudi nilikuta mtu mwingine amevaa koti lake.

Alikuwa amenunua mashine. Kijiti chenye kamera nchani, kinene kama komeo la mlango, kinatiwa kinywani na kuzungushwa taratibu, na kwenye skrini meno yako yanaota moja moja, kwa rangi, makubwa kama ngome. Hakuna unga wa waridi, hakuna machozi, hakuna kutaja jamaa. Picha inatumwa Nairobi, meno yanachongwa huko na mashine nyingine, yanarudi kwa basi ndani ya boksi. Sisemi ni kitu kibaya. Nasema ubaya ulikuwa katika kukipenda kwake. Mkewe aliifumia ile mashine kitambaa cheupe cha uzi, kama vile tulivyokuwa tukifunika televisheni zamani, na kila asubuhi Daktari alikivua kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefunua uso wa bibi harusi. Wagonjwa waliambiwa wavue viatu mlangoni. "Mashine haitaki vumbi." Mtu ameshika shavu kwa maumivu, analia, na bado anafungua kamba za viatu.

Rafu zake za zamani zilikuwa zimejaa taya za plasta, kila moja na jina limeandikwa kwa kalamu ya risasi chini yake: nusu ya Kisauni ilikuwa pale, imekenua. Aliziteremsha zote. Ilikuwa msimu wa mvua na njia ya nyuma ilikuwa mashimo matupu, basi zikamwagwa humo zikafukiwa na kifusi. Nikipita siku ile muuza maji alinipigia kelele: "Kanyaga polepole wewe, hapo pana meno ya shangazi yako!" Nilidhani ni mzaha. Nilitazama chini nikaona upinde mweupe wa magego umetokeza topeni. Nilimwuliza Daktari kwa nini. Alinijibu bila haya, "Plasta ni makaburi, mwanangu. Mimi sasa nina faili." Tangu siku hiyo vinywa vyote alikuwa akiviita faili.

Na faili alizitembeza. Jioni barazani alitoa simu yake, akawapitishia wanywa kahawa picha ya kinywa cha mtu bila jina. "Haya, nani huyu?" Watu wazima, wenye ndevu nyeupe, wakawa wanabahatisha kama watoto. Siku moja fundi cherehani akaipeleka simu karibu na uso, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Huyu ni shemeji yangu! Lile pengo nalijua, alilipata kwa kufungulia soda kwa meno." Kabla ya magharibi habari za magego mabovu ya shemeji zilikuwa zimevuka feri zikafika kwa wakwe zake Likoni. Daktari alikuwa na msemo wake, "Kinywa hakina siri kwangu." Kweli. Wala kwa muuza kahawa.

Nilikuwepo pia siku stima ilipopotea. Kwenye kiti alikuwa dereva wa lori, amekwisha pigwa picha taya la juu lote na nusu ya la chini. Daktari akamwambia asifunge mdomo, stima yaja sasa hivi. Dereva akakaa wazi kama sanduku la barua. Baadaye akauliza kwa koo, "Nimeze mate?" Daktari akafikiri. "Meza, lakini usihame." Stima ilirudi baada ya adhuhuri, na mashine ilipowaka haikukumbuka hata jino moja, wakaanza upya. Zamani, kwa unga wa waridi, yule bwana angekuwa amekwisha fika Mariakani.

Nimpe haki yake mahali ilipo. Kulikuwa na msichana wa Kiembeni, wazazi wake watu wa bara, mwenye meno yaliyopandana kama abiria wanaogombea mlango. Mashine ilimpiga picha, kisha ikamwonyesha kwenye skrini meno yatakavyokuwa baada ya kuvaa nyaya. Msichana akatazama muda mrefu. "Daktari, huyo ni mimi ama ni filta?"

"Ni wewe wa miaka miwili ijayo."

"Huyo wa miaka miwili ako sawa sana. Nipeleke kwake."

Na alipelekwa. Nimemwona juzi, meno yamenyooka, anacheka bila kuweka kiganja mdomoni. Kwa meno magumu, yaliyosimama imara kwenye mifupa, ile kamera haina mshindani, na mimi nisiyependa kumsifu nimeandika hayo kwa mkono wangu. Lakini Daktari alikuwa na tabia moja ya tangu zamani: akipenda kitu hukitumia kwa kila kitu. Alipopenda asali aliwatibu nayo hadi waliovunjika mguu.

Tena alikuwa mnafiki kwa namna ya kuchekesha. Aliuza miswaki ya umeme, akaisifu kwa kila aingiaye, na alfajiri nilimkuta nyuma ya msikiti akisugua meno yake kwa mti wa mswaki, uliotafunwa ncha mpaka ukawa kama brashi ya rangi. Aliponiona akautia mfukoni. "Huu ni wa sunna," akasema. Sikumwuliza. Aliwakataza watoto peremende, na kila alasiri alitumiwa halua ya moto kwenye jani, akaila kwa kidole, mlango umerudishwa.

Sasa Shangazi. Meno yake ya zamani yalimponyoka alipokuwa akiyasafisha, yakaanguka kwenye sakafu ya choo yakapasuka vipande vitatu. Alikwenda kwa Daktari kwa furaha, kama mtu anayerudi kwa fundi wake. Daktari alimvua viatu, akamtia kijiti kinywani, akazungusha. Kosa lake lilikuwa hapo. Ufizi wa mzee si mwamba. Ni laini, unasogea ukiguswa, unasogea akimeza mate, na zamani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitufunza hayo, akiubonyeza kwa kidole gumba huku na huku kama mnunuzi wa embe. Safari hii hakuubonyeza. Hakupanga meno ya nta. Hakutazama ukuta. Picha ikaenda Nairobi, meno yakaja kwa basi, meupe kama sahani.

Yalicheza. Shangazi akisema, yaligongana. Akitamka herufi ya ncha ya ulimi, ulimi uliteleza ukakosa mahali pake, na sin ikatoka na mluzi wa birika. Alirudi kliniki mara tatu. Mara zote Daktari alimgeuzia skrini. "Tazama mwenyewe, Bi Mwalimu. Hapa yamekaa sawasawa, hata unywele haupiti."

Mara ya tatu Shangazi alisimama. "Basi mvishe hiyo kompyuta," akasema, akaondoka na viatu mkononi.

Hayo nilisimuliwa. Mimi nilirudi kutoka Malindi mwaka jana, nikaingia nyumbani saa za darasa. Wanawake kumi na wawili wamekaa mkekani, na Shangazi mbele yao amejifunga mtandio mdomoni. Hakuwa akisema. Alikuwa ameweka simu juu ya kibago, sauti ya mwanamume wa mbali inasoma, na wanawake wanafuatisha. Mmoja alipokosea Shangazi aliinua kidole, wakasimama, wakamngojea. Alifungua kinywa, akafunga. Akabonyeza simu irudie. Walipokwisha kutoka nilimwuliza.

"Mwezi ujao nawaambia watafute mwingine," akasema kwa mluzi. "Mwalimu asiye na herufi afunza nini? Na wale wote ni wakubwa, wakijifunza makosa sasa watakufa nayo, na mimi nitaulizwa."

Ndipo nilipopanda ngazi za kliniki. Sikuvua viatu.

"Shikamoo Daktari. Njoo nyumbani umsikie Shangazi."

"Marahaba. Karibu, msafiri." Hakuinuka kitini. "Sina haja ya kumsikia. Ninaye hapa." Akaipapasa mashine.

"Hapo una picha ya fizi zake. Sauti yake je?"

"Sauti ni mazoea. Atazoea."

"Zamani ulikuwa ukisimama pale ukutani."

Alitazama kule nilikoonyesha kama mtu aliyetajiwa maiti. Palikuwa na bango la mswaki wa umeme. "Zamani," akasema, "nilikuwa natia vidole vinywani mwa watu kama mganga. Vijana wanaotoka chuo kikuu wanafungua kliniki Nyali, wana mashine mbili mbili. Wagonjwa wangu wakiniona na bakuli la unga watasema nini? Watasema mzee kabaki nyuma." Nikamwambia amebaki nyuma kweli, nyuma ya shangazi yangu, nikateremka. Nilikuwa na maneno mengine mabaya zaidi, nikayasema peke yangu njiani.

Kumbe mmoja wa wale wanawake kumi na wawili alikuwa mke wa Daktari. Sijui alimwambia nini mumewe. Najua tu kwamba siku ya tatu ililetwa salamu: mlete Bi Mwalimu Jumanne, mje kwa ngazi za nyuma. Tulipofika, mashine ilionekana kupitia mlango ulio wazi, imesimama uchi. Kile kitambaa cha kufuma kilikuwa kimechukuliwa na aliyekifuma.

Daktari alitutia chumba cha stoo, kati ya maboksi, akafunga kwa ufunguo. Akavuta kutoka chini ya meza bakuli la mpira. "Mtu asijue," akaniambia. Shangazi akakaa kwenye kiti cha plastiki, na Daktari akatia kidole gumba kinywani mwake, akabonyeza ufizi taratibu, kushoto, kulia, macho yake yamefumbwa. Nilikuwa nimekuja na dharau yangu nzima na sikuiacha nje. Lakini sitasema kwamba kidole kile kilikuwa kimesahau.

Tulikwenda mara nne, zote kwa ngazi za nyuma, kama wezi wa kuku. Mara ya tatu palikuwa na meno ya nta. Daktari aligeuka, akauelekea ukuta wa maboksi. "Sema dhahabu," akaanza.

"Sikuja kuuza dhahabu," Shangazi akamjibu, na akasoma sura fupi anayowaanzishia wanafunzi wapya.

Daktari alisikiliza mgongo umepinda. Mara akainua kidole. "Hiyo dhali yateleza." Akapasha kisu. Akarudi ukutani. "Tena." Kisu tena. Upande wa pili wa mlango wagonjwa wenye viatu mikononi walikuwa wakikohoa, na yeye kila wakikohoa alishtuka, akateremsha sauti, akaendelea kunong'ona kwa maboksi: "Tena. Usinionee huruma. Tena." Ilipotoka sawa alikiweka kisu chini. Alibaki amegeuka mpaka Shangazi alipomaliza sura yote.

Siku ya nne meno yalikuwa tayari. Shangazi aliyavaa, akauma, akasoma kidogo kwa sauti ya chini, akavua mtandio mdomoni akauteremsha mabegani. Nilidhani tutatoka kwa nyuma kama kawaida. Daktari akafungua mlango wa mbele. Akamshika Shangazi mkono wa kanzu kwa adabu, akampitisha katikati ya chumba cha wagonjwa, wakasimama kando ya mashine.

"Mnamjua Bi Mwalimu," akawaambia watu. "Mlimsikia alivyokuwa. Haya, Bi Mwalimu, waambie. Mashine imekufanyia nini?"

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yeye wakati ule. Nilimtazama Shangazi, nikangoja, maana namjua: ni mwanamke aliyewahi kumwambia imamu mbele ya watu kwamba kakosea. Neno moja lingetosha, na Daktari asingeweza tena kupita njia ile.

Shangazi aliwatazama wagonjwa, akawatazama wote, hata mtoto aliyelala pajani kwa mamake. Kisha akasema, na kila herufi ikatoka mahali pake, imekatika vizuri kama nguo mpya:

"Mwenyezi Mungu amhifadhi, na amlipe thawabu, aliyetia mkono wake katika meno haya."

"Amin," wakaitikia watu.

Daktari aliitikia mwisho, baada ya wote. Mikono yake ilikwisha ingia mifukoni mwa koti, na hakuitoa hata kumfungulia Shangazi mlango. Mimi sikuitikia. Tulipofika ngazi ya kwanza, Shangazi akanifinya mkono.

"Itikia na wewe," akasema. "Nimeomba, sikukuuliza maoni."

Nikaitikia, shingo upande.